Ndiyo ya Mpishi

Miaka michache kabla Wadachi hawajaushika mji wa Bagamoyo, nilikuwa mkalimani wa mtaalamu mmoja wa Kizungu aliyekuja kukusanya maneno. Aliamini kwamba binadamu wote wana akili moja, na lugha zao hutofautiana kwa sauti tu. Nami niliamini chochote alichoamini, maana alinikalisha kwenye kiti.

Asubuhi moja karatasi zake za maneno ya Kikwere zilikosekana. Akamwita mpishi, mzee wa kijiji cha Mkange, akanituma nimwulize: hukuwashia moto karatasi zangu?

Nikauliza. Mzee akajibu kwa utulivu, "Ndiyo, bwana."

Nikatafsiri: ndiyo. Palepale mzee akafukuzwa kazi.

Nilimkuta uani akifunga mkeka wake.

"Mzee, kwa nini umekiri?"

"Nimekiri nini? Kaniuliza kama sikuwashia. Nikasema ndiyo, sikuwashia. Ulitaka nimbishie?"

"Lakini kwao..."

"Kwao wapi? Wewe si umezaliwa hapahapa? Ukiulizwa, hukwenda msikitini Ijumaa, nawe hukwenda, unajibuje?"

"Ndiyo, sikwenda."

"Basi. Tena najua hukwenda." Akakaza kamba. "Mwezi ujao namwoza binti yangu. Nikamwambie mkwe nimefukuzwa kwa kusema ndiyo?"

Kwetu ndiyo humkubalia aliyeuliza. Kwa yule bwana, ndiyo hukubali kwamba jambo limetendeka. Baadaye, kwenye madawati ya chuo kikuu huko Ulaya, nilisikia tofauti hiyo ikifafanuliwa asubuhi nzima. Niliandika kwa bidii, kama mtu asiyewahi kumponza mpishi.

Nikarudi ndani, nikamweleza bwana maana ya ndiyo ile, nikasema kosa ni langu. Bwana hakukasirika. Alishika kalamu, akaagiza mzee aletwe, akaanza kumwuliza: Huna ng'ombe? Hukulala? Hujui kuogelea? Mzee alijibu yote huku mzigo uko begani. Bwana alijaza kurasa mbili, uso umemng'aa, wala hakutaja tena karatasi zilizopotea.

Mzee akanigeukia. "Mwulize: nipike au niende? Uliza hivyohivyo, mwanangu. Usiniongezee neno."

Nikauliza. Bwana, bila kuinua kichwa, akasema chakula cha mchana kimechelewa.

"Kasemaje?"

Kwa mara ya kwanza siku ile nilifikiri kabla ya kutafsiri.

"Kasema upike."

Mzee akatua mzigo, akaenda kumenya muhogo.