Mbwa Kimya wa Mzee Komeo

Zamani mbwa alikuwa na kwao. Ukimtaka, ulikwenda kwa jirani, ukamwona mama yake, ukajua mapema kama ni wa kuuma au wa kulala. Siku hizi mbwa huchukuliwa kwenye kituo cha wanyama kama mzigo uliosahauliwa na abiria, na hakuna wa kukwambia ametoka kwa nani.

Hilo ndilo lililomkera Mzee Komeo, fundi wa kufuli, aliposimama mbele ya vizimba vya mbwa waliotupwa. Hakwenda kwa kupenda. Wezi walikuwa wameingia karakanani kwake, na binti yake wa pekee akatoa neno la mwisho: "Baba, ama ufuge mbwa, ama ufunge karakana uje ukae kwangu." Akakae kwa mkwe, akingoja kuitwa mezani! Afadhali mbwa.

"Mbwa huyu keshakomaa, tena mpole," mhudumu wa kituo alisema, akimwonyesha chotara wa rangi ya majivu, sikio moja limesimama, la pili limelala.

"Mzuri hivyo, mbona katupwa?"

"Watu huhama, mzee wangu."

"Wakabeba makochi, wakaacha mbwa?"

Mhudumu akacheka. Mzee hakucheka. Hata hivyo alimchukua, maana ndiye peke yake aliyemtazama bila kumrukia.

Mbwa hakubweka. Wateja waliingia, kimya. Pikipiki zilipita, kimya. Alilala chini ya meza ya kazi, macho yakifuata mikono ya mzee.

"Anasoma kazi," mzee alimwambia mshona viatu wa mlango wa pili. "Huyu kafugwa na wezi. Wamemfundisha kunyamaza."

"Basi waulize kama wana nafasi. Wewe ufungue, yeye anyamaze. Mtatajirika!"

Mzee akaamua kumpima. Mtu mwingine angemwomba mshona viatu ajifanye mwizi. Lakini Komeo amwonyeshe mtu jinsi kufuli lake linavyofunguka? Thubutu! Mwizi atakuwa yeye mwenyewe.

Jumapili mchana, mtaa ukiwa umetulia, alivaa koti alilopewa na mkwewe, ambalo hakuwahi kulivaa, akajipaka mafuta ya taa kuua harufu yake, akafunga kitambaa usoni. Kisha akaanza kuchokonoa kufuli lake kwa waya. Lilikuwa kufuli la shaba, la enzi ambazo fundi aliona haya kuuza kitu kibovu. Lilimtoa jasho, naye akaona fahari.

Mlango ukafunguka. Mbwa hakutoa hata mguno.

"Nilijua," mzee akanong'ona. "Kesho unarudi ulikotoka." Akanyoosha mkono kwenye rafu.

Hapo mbwa akachomoka chini ya meza, akaudaka mkono wa koti, akaning'inia nao. Bado kimya.

"Niache! Ni mimi! Niache, mjinga wewe!"

Mshona viatu akaja mbio na nyundo, majirani nyuma yake wakipiga kelele za mwizi. Nyundo ilikuwa imeshainuliwa kitambaa kilipodondoka.

"Komeo! Unajiibia?"

Binti akaitwa. Alimkuta baba yake kwenye kigoda, ananuka mafuta ya taa, mkono mmoja wa koti ukining'inia kwa uzi.

"Koti tulilokununulia! Baba, una akili timamu kweli? Leo leo unahamia kwangu."

"Ulisema nifuge mbwa au nifunge. Nimefuga. Muulize jirani kama mwizi alitoka."

"Hakutoka," mshona viatu alikiri. "Ilibaki kidogo tu nimpasue."

Binti akamtazama mbwa, akalitazama koti, akauma mdomo asicheke. "Haya. Kaa na mwenzio."

Karakana ikabaki yake. Lakini mbwa naye alikuwa ameona aliyoyaona. Tangu siku ile, mzee akishika waya tu, mbwa husimama, humsogelea, na kubana ncha ya mkono wa shati kwa meno, taratibu, bila kuuma, mpaka kazi iishe. Fundi aliyekabidhiwa funguo za mtaa mzima, leo analindwa asiibe! Wateja huvunjika mbavu.

"Kufuli hili la mteja," mzee humweleza, akiona aibu. "Kaniletea mwenyewe. Huyu hapa, muulize."

Mbwa haachii.