Kibati Chekundu na Hina Mbichi

Nati iliyokaza, ukiigonga, hulia kama kijiko kwenye bilauri. Iliyolegea hulia kama kiatu kwenye udongo. Hiyo ndiyo elimu yangu. Skuli niliiacha mapema, nikabaki na herufi za kutosha kuandika jina langu na kusoma maneno ya kanga.

Niliingia karakana ya mabasi kuwa mfagizi, wakati majumba ya Michenzani yanapandishwa na mji mzima unanuka saruji. Mafundi walikuwa saba. Majina yao yote ninayo, na ya wake zao, na ya paka aliyekuwa akilala kwenye matairi, lakini sitayataja humu maana wajukuu zao wanajua kusoma.

Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi bara miaka mingi, akikagua vichwa vya treni vya dizeli. Unguja hatuna treni, basi yeye akauleta ukaguzi wa treni kwenye mabasi. Kila asubuhi, kabla gari halijatoka, sharti lizungukwe lote, kuanzia kulia. Oili itazamwe. Breki ikanyagwe. Mabomba ya dizeli yapapaswe kwa kidole, yasiwe yanavuja. Mwisho kila nati ya gurudumu igongwe kwa nyundo ndogo ya mpini mrefu, na mtu atege sikio.

Mafundi walikuwa wakimtania. "Yakhe Mzee, hili basi la Bumbwini, si treni la Tabora!"

"Kwani abiria wa Bumbwini hawana shingo?" ndilo jibu lake siku zote.

Mimi nafagia na huku nasikiliza. Siku moja, fagio mkononi, maneno yakanitoka: "Mzee, hiyo ya tatu imelia vibaya." Akaigonga tena. Akanitazama. Akanipokonya fagio, akanipa nyundo, na asubuhi ile akafagia yeye, mafundi wote wanaona. Mpaka leo sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Sasa kuna jambo la kibati. Gari likiwa na kasoro, unatundika kibati chekundu kwenye usukani, na halitoki. Na mkono uliotundika ndio utakaotungua, baada ya kukagua tena wenyewe. Hapana mwingine, hata awe nani. Mzee mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, kwa sababu huko bara mtu alitungua kibati chake naye yumo chini ya injini bado, akaiwasha. Tulimuuliza mara moja tu.

Nikachumbiwa na mwashi wa pale Michenzani, kwao Kiwengwa. Huyo alikuwa kila siku ana kiu, na maji ya kunywa hayakuwepo popote mjini ila kwetu karakana. Nikaha ikawekwa Ijumaa, msikitini, baada ya sala ya Alasiri. Karakana ikatupa basi la kijani likamchukue bwana harusi na watu wake Kiwengwa.

Jumatano, siku yangu ya mwisho kabla ya kuwekwa ndani, nililigonga lile basi. Gurudumu la nyuma la kushoto, nati moja ikasema pu. Nikatundika kibati, nikamwambia dereva aikaze, nikaenda zangu kusingwa mwili kwa harusi. Wallahi nikasahau! Msio, udi, asumini, na shangazi yangu, aliyekuwa ndiye somo wangu, ananifundisha mambo ambayo nayo sitayataja humu. Nati ingekaa wapi?

Ijumaa asubuhi nimekaa mkekani, miguu nimeinyoosha, viganja juu, hina mbichi mikononi na miguuni. Pilau inaungwa uani. Mara hodi. Dereva.

"Samahani, Bi. Gari haliondoki."

"Lina nini?" shangazi akauliza.

"Lina kibati."

"Si ukitoe!"

"Cha bibi harusi."

Shangazi akashika kiuno. "Mwari hatoki! Tangu lini bibi harusi akakagua mabasi? Mwambie huyo mzee wenu akitoe yeye, mkono wake haukutiwa hina."

"Nimemwambia. Kanionyesha ule wa vidole vitatu."

Mabasi mengine yalishatoka tangu alfajiri, kila moja na njia yake. Bila la kijani hapana bwana harusi, na bila bwana harusi hapana nikaha. Nikamwona moyoni mwashi wangu amekaa barazani kwao na kanzu mpya, anatazama barabara.

"Shangazi," nikasema, "nipeleke."

Akanitazama, akatazama hina, akaguna. "Utakwenda. Lakini mguu wako hautagusa ardhi."

Akaitwa hamali wa Darajani na mkokoteni wake. Nikapandishwa, buibui na kanga mbili juu yake, mikono nimeitandaza mbele kama naomba dua. "Simile! Simile!" hamali anapiga kelele, shangazi nyuma anasukuma. Mwanamke mmoja akauliza njiani, "Mmepakia nini?"

"Mchele wa harusi!" shangazi akajibu.

Mchele ukacheka ndani ya buibui.

Karakana nikawakuta mafundi wote saba wamevaa kanzu safi, tayari kwa harusi, na Mzee amesimama kwenye basi na nyundo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umechelewa kazini."

"Ishakazwa hiyo," dereva akasema. "Gonga, toa kibati, jua linakwenda."

Nikaishika nyundo. Shangazi akapiga ukelele, "Hina!" Lakini nyundo haishikwi kwa ncha za vidole, haitasema kweli. Nikaikamata kiganja kizima. Ti. Ti. Ti. Ti. Pu.

"Ti hiyo!" dereva akasema. "Mimi nimesikia ti."

"Hata mimi," shangazi akasema, na hakuwahi kukanyaga karakana maisha yake. "Mwanangu, leo zote ni ti."

Nami nilitaka iwe ti. Hapakuwa na mtu Unguja nzima aliyeitaka ti kuliko mimi. Lakini nilijua mama mkwe wangu atakaa nyuma, juu ya gurudumu lile lile, kwa sababu wazee hupenda dirisha la kushoto lenye kivuli.

"Mzee," nikasema, "bado."

Ndiyo siku ya kwanza kumwona akicheka mpaka meno ya ndani. "Fungueni!"

Kanzu zikapandishwa. Boliti ilikuwa imelika meno, nati inazunguka na kutulia kama imekaza, kumbe haikushika kitu. Wakatia boliti mpya. Mimi juu ya mkokoteni, shangazi ananipepea viganja na kunisuta kwa pamoja. Kisha nikagonga tena. Ti! Hata paka aliisikia. Mkokoteni ukasogezwa mlangoni kwa dereva, nikatungua kibati kwa mkono ule ule uliokitundika, ule wa kulia, ambao nilishauharibu. Basi likatoka linapiga honi, shangazi anapiga vigelegele.

Walifika Alasiri imeshasaliwa, imamu akawasubiri, nikaha ikafungwa. Bwana harusi akaletwa kwangu, akaniwekea mkono kichwani, akasoma dua yake. Kisha akataka kuona hina. Nikampa mkono wa kushoto, maua matupu. Akataka na wa kulia. Nikauficha. Akaungoja. Nikaufungua: katikati ya maua imepita njia nyeupe, upana wa mpini.

"Hii nini?"

"Nyundo."

Akafungua kiganja chake, akakiweka kando ya changu. Sugu ya nyundo ya uashi, mahali pale pale.

"Mnacheka nini humo?" shangazi akauliza nyuma ya mlango. "Kaona nini?"

"Nimeona mchele, shangazi," mume wangu akasema. Kumbe njia nzima kutoka Kiwengwa dereva alikuwa akihadithia.