Maziwa ya Wachomelea Vyuma

Mdogo wangu alikuwa tayari kuacha sigara. Wallahi sijaona mtu aliyekuwa tayari kama yeye. Muuguzi alipokwenda chuoni kwao kuuliza nani anataka kubadilika, alisimama mbele ya darasa zima la kuchomelea vyuma, akahutubia mpaka akapigiwa makofi. Kisha akatoka, akawashia sigara kwenye kipande cha chuma kilichokuwa bado chekundu. Wenzake walimwita Bomba, kwa jinsi alivyofuka moshi.

"Dada, usijali," ananiambia. "Nikimaliza mtihani tu, naacha. Halafu mimi nakunywa maziwa."

Maziwa! Ndiyo dini yao pale karakana. Wanavuta moshi wa chuma bila barakoa, wanaongezea na sigara juu yake, kisha wanakunywa pakiti ya maziwa, ati yanateremsha uchafu wote wa kifuani.

"Hebu niambie," nikamuuliza, "maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Vinakutana wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe shona nguo zako, dada. Ya vyuma huyajui."

Lakini mkono wake wa kuchomelea ulikuwa mwepesi, hilo sibishi. Kiwanda cha matangi kilipokuja chuoni kuchagua vijana, yeye ndiye aliyechaguliwa kwanza. Mama alilia kwa furaha. Tangu baba afariki anafua nguo za watu, mikono imempasuka. Bomba akamwambia, "Mama, nikianza kazi tu, beseni la watu basi."

Ilibaki kupimwa. Ndani ya tangi hewa ni ya shida, kwa hiyo kila mchomeleaji hupuliza kwanza kimashine cha kupima mapafu. Nilimsindikiza. Akapuliza, macho yakamtoka, kikohozi kikamkunja. "Rudia," daktari akasema. Akarudia, ikawa vilevile. Daktari akavua miwani.

"Kijana, kwenye tangi sikuruhusu. Utafia humo."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Nilitamani kumzaba kibao, na papo hapo nilitamani kumkumbatia. Ana umri gani jamani, wa kuwa na kifua cha mzee?

Mama alikuwa mlangoni, anajifuta povu. "Wamesemaje, baba?"

"Wamesema nisubiri, mama. Wataniita."

Nikamtazama. Akakwepa macho yangu. Nikainama, nikakamua nguo iliyobaki kwenye beseni.

Mama akaingia ndani huku anaimba. Akatoka na shati la kazi alilomnunulia, akanipa nikaze vifungo, maana wakimwita, alisema, watamwita ghafla.