Mingi Ni Ngapi?

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nilipotoka Arua kwenda Koboko, nimekaa mbele katika gari la kazini kando ya dereva, na mfukoni mwangu mna barua niliyoichapa mwenyewe. Vumbi jekundu lilikuwa limetuingia hadi kwenye meno, lakini mimi nilikuwa nikitabasamu. Barua ile ilibakiza mhuri mmoja tu ili binti mmoja aitwaye Kiden apoteze kazi yake. Mwanangu, ukiniona leo namkatiza mtu anayeanza maneno yake kwa "wanasema", usidhani nilizaliwa hivyo. Nilifundishwa, na ada ya somo lile nilikaribia kumlipisha mtu mwingine.

Miaka ile kompyuta za Arua zilikuwa chache, nazo zilifunikwa kwa vitambaa vilivyotariziwa maua, kama redio za wajomba zetu. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada mkononi, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko kofia yake. Kazi yetu ilikuwa mitambo ya maji. Kule Lobule, ambako wenyeji na wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walichota katika kisima kimoja, palikuwa na pampu ya umeme wa jua, na kando yake kijumba chenye kompyuta moja kuukuu. Kompyuta hiyo ilipima kimo cha maji na nguvu ya jua, kisha ikaamua pampu iwake au ipumzike.

Programu ya kuamua iliandikwa na Kiden. Alikuwa mkimbizi wa kabila la Wakakwa, aliyevushwa mpaka mgongoni mwa mama yake, akasoma kwa shida na kwa akili nyingi, na kila asubuhi alifika kazini kwa baiskeli. Mama yake alikula kwa mkono wake. Mimi niliandika programu ya pili, ya kuchora kwenye skrini mstari wa maji yakipanda na kushuka, ili wageni wakija waione kazi yetu. Niliupenda mstari ule kuliko nilivyoyapenda maji.

Pampu ikaanza kuchelewa. Jua linawaka, mitungi imepangwa hadi barabarani, akina mama wanagombea nafasi, na pampu kimya. Nikajiuliza kosa liko wapi, na kwa kuwa sikupenda liwe kwangu, nikaliona kwa Kiden.

Hapa nikueleze jambo moja. Prosesa, ule moyo wa kompyuta, hutekeleza amri ndogondogo: jumlisha, toa, zidisha, gawanya. Kujumlisha kwake ni kama kuruka mtaro. Kugawanya ni kama kupanda mlima. Hilo ni kweli, na uongo mbaya kuliko wote ni ule ulioegemea ukweli. Basi siku moja karakanani Arua nikatia mzaha: "Yule dada anagawanya kama mama wa matangani anayegawa enyasa, kila mtu na tonge lake!" Nyinyi mnaokula mkate wa dukani huenda hamjui jinsi ugali ule wa mtama unavyogawanywa penye watu wengi. Mafundi walicheka. Nami nikasahau.

Baada ya majuma mawili nilikuwa Lobule. Juma, mlinzi wa pampu, alinivuta kando, akanong'ona: "Injinia, watu wanasema programu ya dada iko na kugawanya mingi. Kompyuta inachoka."

Nilifurahi mno. Niliona kwamba hata mtu asiyejua programu amelitambua nililolitambua mimi! Nikaingia kijumbani nikaapa kulithibitisha kisomi. Ndani ya prosesa mna vihesabio vidogo ambavyo vimeumbwa pamoja nayo. Ukikiamuru kimoja kihesabu amri ya aina fulani, hujiongezea moja kila amri hiyo ipitapo. Nikakiamuru kihesabu migawanyo kwa dakika moja. Kikanipa namba, nikaiandika, nikarudi Arua kuchapa barua. Ndiyo hiyo niliyokuwa nayo mfukoni.

Aliyeshika mhuri alikuwa Mzee Adriko, mkuu wetu pale Koboko. Ujana wake wote alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka kwa baiskeli masoko ya Ajia na Ludara na kisanduku cha mawe ya shaba, akiwakagua wauzaji wa mihogo na ufuta. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisoma barua yangu mara mbili, akavua miwani.

"Hapa iko kusema nini?"

"Inasema programu ya Kiden ina migawanyo mingi mno, Mzee."

"Mingi ni ngapi?"

Unajua, mwanangu, kwetu West Nile neno hilo ni kikapu kisicho na kitako: watu mingi, maji mingi, makosa mingi. Nilikuwa nimejiandaa. "Milioni sitini kwa dakika moja, Mzee."

Hakushtuka. "Na nani alikuambia ni kugawanya?"

"Juma wa pampu."

"Juma alisikia wapi?"

Sikuwa nimemuuliza. Mzee akaita dirishani: "Asiku!" Dereva aliyenileta akaja na kitambaa cha kufutia gari mkononi. "Wewe unapeleka maneno Lobule kila juma. Hii ya dada na kugawanya, ulitoa wapi?"

Asiku alinitazama, akaangua kicheko. "Lakini Mzee, si ni huyu injinia mwenyewe? Ile ya enyasa! Mimi nilipeleka Lobule, watu walicheka mpaka basi."

Mwanangu, nilitamani sakafu inifunike. Uvumi ule ulikuwa mbwa wangu. Nilimfungua mwenyewe Arua, akazurura hadi Lobule, na aliporudi akiwa na vumbi la watu wengine miguuni, nikampokea kama shahidi kutoka mbali.

Kijana aliyesoma hakubali kushindwa upesi. Nikasema, "Hata hivyo namba haikutoka kwa Asiku, Mzee. Imetoka ndani ya prosesa yenyewe."

Mzee alifungua mtoto wa meza, akatoa jiwe la shaba la kilo moja, akaliweka juu ya barua yangu. "Mimi nikifika soko, sipimi kwanza mihogo ya watu. Napima mizani. Naweka kilo ambayo najua ni kilo. Wewe, jiwe yako iko wapi?"

Moyoni nilimcheka kwa kusema "jiwe yako". Leo sicheki. Sarufi yangu ilikuwa imenyooka, na mizani yangu ilikuwa imepinda.

Tulikwenda Lobule sote watatu. Kiden alitupokea mlangoni. Habari za barua zilikuwa zimemfikia, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwa Mzee.

"Karibu, kaka. Umekuja na barua yangu?"

Mzee akamwambia aketi, akanigeukia: "Tengeneza kitu ambayo jibu yake unajua mbele ya kuuliza." Ni Kiden aliyesema, "Tuandike programu ndogo, Mzee. Igawanye mara milioni mia moja, halafu isimame. Kihesabio kikisema milioni mia moja, ni kizima."

"Hiyo ndiyo jiwe," Mzee akasema.

Kiden akaisimamisha programu yake, tukaiendesha ile ndogo. Kihesabio kikasema milioni mia moja na ishirini na sita.

Mzee aliinama karibu na skrini. "Umeweka kilo moja, mizani inasema kilo moja na robo. Hii robo ni ya nani?"

Kiden alikuwa akitazama pembe ya skrini, ambako mstari wangu mzuri wa maji ulikuwa ukichorwa, ukifutwa, ukichorwa tena, na kipimo cha kila nukta kikigawanywa ili itoshee kwenye kioo.

"Kaka," akasema polepole, "hebu funga picha yako."

Nikaifunga. Tukarudia. Milioni mia moja, na vijisalio vichache vya mashine yenyewe. Kisha Kiden akaiwasha programu yake peke yake, tukahesabu dakika nzima: elfu chache tu. Tukiwa bado tumeikodolea macho namba ile, tulisikia pampu ikinguruma nje, na sauti za akina mama zikipaa kwa vigelegele.

Kihesabio hakikusema uongo. Kilihesabu kila mgawanyo uliopita katika prosesa, bila kuuliza wa nani, kama mtu anayehesabu wote waingiao sokoni. Mimi ndiye niliyesema wote wamemjia muuzaji mmoja. Ile milioni sitini ilikuwa yangu, na ndiyo iliyokuwa ikiichelewesha pampu.

"Kumbe, kaka," Kiden akasema, "enyasa ulikuwa unagawa wewe!"

Asiku alicheka. Mzee hakucheka. Alinirudishia barua. "Badilisha jina. Nitapiga mhuri."

Nikaketi pale pale, nikaiandika upya kwa mkono, jina langu mahali pa lake, nikachafua karatasi kwa wino. Kisha akanituma kwenye foleni ya maji, nipite mtungi kwa mtungi, niwaambie watu kosa lilikuwa la nani. Nilipita. Walio wengi walinisikia. Lakini wako waliokwisha kuondoka na maji yao, na hadi miaka mingi baadaye nilimsikia mtu akimwita binti yule "Dada Kugawanya". Yeye aliitika kwa tabasamu. Mimi kila mara lilinichoma.

Barua ile yenye jina langu Mzee aliikunja, akaiweka mezani pake chini ya jiwe la shaba. Hakuipiga mhuri, wala hakunirudishia. Alipofariki, watoto wake waliniletea vyote viwili. Barua imekuwa ya manjano. Jiwe bado ni kilo moja kamili. Natamani angenigombeza tena kwa Kiswahili chake kile cha sokoni.

Basi sikia nasaha yangu. Ukiletewa neno, lifuate nyuma hadi ulifikie kinywa cha kwanza, na usistaajabu ukikuta kinywa hicho ni chako. Ukisikia "mingi", uliza ngapi. Ukipewa ngapi, uliza kimehesabiwa nini, na cha nani, na nani mwingine alikuwa akipita mlangoni. Kabla hujaiamini mizani, iwekee jiwe unalolijua. Na kabla hujalitia jina la mwenzako katika barua, zima kwanza programu yako, kisha uhesabu tena. Mtu hupona jeraha la panga. Neno lililokwisha kuteka maji na kwenda zake halirudi lote.

Mungu akupe jicho lisiloharakisha na mkono usiochafua unapoandika jina la mtu. Akujalie mkuu wa kukuuliza "ngapi", na mwenzio wa kukuambia "funga picha yako". Na siku utakapopimwa wewe, uwekwe kwenye mizani iliyokaguliwa.