Mkwe Juu ya Punda

Wenzangu waliporudi kutoka migodi ya Geita, mmoja alirudi na baiskeli, mwingine na gramafoni, mwingine na kikohozi. Mimi nilirudi na tandiko la farasi. Farasi mwenyewe alikuwa amekufa.

Kule nilikuwa mtunza farasi nyumbani kwa mzungu mmoja, fundi mkuu wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa na binti mdogo ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, na daktari wao alisema mtoto apandishwe farasi kila asubuhi, ule mwendo utaufundisha mwili wake. Basi nikawa namshika farasi hatamu, namzungusha uani, mtoto juu, mama yake pembeni. Asubuhi moja mtoto alishushwa akasimama peke yake, kashika mkia wa farasi, akacheka. Sijaona jambo zuri kama lile. Baadaye mbung'o walimuuma farasi, akakonda, akafa. Wale wazungu wakafungasha wakaenda kwao, nami nikaachiwa tandiko kuwa ndiyo ahsante yangu. Nilipanda nalo lori mpaka Shinyanga, na kila aliyeingia kwenye lori aliniuliza farasi yuko wapi.

Wazo la kulitumia tandiko lilinijia nilipofika Ngokolo. Bibi yangu alikuwa na punda wawili wa kubebea maji. Ngokolo palikuwa pia na watu ambao hawakuwa wakienda popote kwa sababu miguu au macho yamewakatalia. Shuleni nilifika darasa la nne, na hiyo ilitosha kujua kwamba farasi na punda ni ndugu. Kilichobaki kilikuwa kuanzisha chama.

Chama changu kilikuwa cha bure, na hilo ndilo lililoniponza. Ningetoza kitu watu wangesema kijana ana akili ya biashara. Lakini kubeba vilema bure, juu ya punda, kwenye uwanja wa kanisa, kuzunguka tu na kurudi palepale? Wanawake kisimani walikubaliana kwamba farasi wa mzungu alinipiga teke la kichwa.

"Mume wangu," bibi aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nazaliwa, "punda wangu wamebeba maji miaka yote hawajasema neno. Ukiwapandishia watu, watasema."

"Watasema nini, bibi?"

"Watasema nilikuozesha akili kwa kukudekeza."

Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa mwanachama wa kwanza. Macho yake yalikuwa yamezimika zamani, na mimi nilitangaza kwa furaha kwamba kupanda punda kutamrudishia ujasiri wa kutembea. Yeye alitangaza kwamba anapanda ili amlinde punda wake. Alikaa juu kama amekaa jikoni kwake, akawa anasalimia watu kabla hawajamsalimia, kwa kuwa aliwajua kwa nyayo. Ujasiri ulioongezeka asubuhi zile ulikuwa wangu mimi niliyeshika kamba.

Tandiko lilikataa. Lilikuwa limekatwa kwa mgongo wa farasi, na punda wetu aliingia ndani yake kama mtoto aliyevaa koti la babu. Nilipolijaribu na gunia la pamba, lilizunguka likaenda kuning'inia tumboni, gunia na vyote. Hapo ndipo fundi viatu aliponiita.

Huyu alikuwa kijana aliyenizidi umri kidogo, anashona viatu vya matairi barazani karibu na kanisa. Homa ya utotoni ilimkausha miguu yote miwili, kwa hiyo alitembea kwa mikono, amefunga vipande vya tairi viganjani. Alikuwa amenitazama nikihangaika na gunia lile mpaka akachoka kucheka.

"Lete hilo koti la farasi," alisema. Akalipasua, akalipunguza, akalishona upya kwa uzi wa viatu, akaongeza mshipi wa mpira wa ndani wa tairi. Alipomaliza lilimkaa punda sawasawa. Nikataka kumshukuru, akasema, "Usinishukuru. Niandike kwenye chama."

Nilifurahi mno. Nikaanza kumweleza habari za yule mtoto wa Geita na jinsi miguu inavyopata nguvu polepole.

"Miguu yangu ina nini?" aliniuliza.

"Itapata nguvu."

"Ya kufanyia nini? Mimi nashona nimekaa. Sikiliza, bwana chama. Mimi nataka kwenda ukweni."

Kumbe palikuwa na binti mmoja, wa kijiji cha wafugaji mwendo wa asubuhi nzima kutoka Ngokolo, ambaye kila alipokuja sokoni viatu vyake vilikuwa vimekatika. Hakuna binti aliyewahi kukatikiwa viatu hivyo. Mwishowe fundi alituma mshenga, na baba wa binti akajibu jibu la kiungwana: huyo bwana aje mwenyewe, aonekane. Ila asije mgongoni kwa mtu. Mwanamume anayeletwa mgongoni ni mtoto, na yeye haozeshi binti yake kwa mtoto. Mzee alijua vizuri alichosema. Ilikuwa namna ya kukataa bila kukataa, maana barabara ya kule haikuwa na lori, na kwa mikono ni mbali.

"Hakusema kitu juu ya punda," fundi alisema.

Basi tukajifunza. Nilimfundisha kukaa wima, kugeuka, kumwendesha punda, kumsimamisha. Nami kila asubuhi niliipima miguu yake kwa macho nikaona kama imenyooka kidogo, na kila asubuhi yeye aliniambia niangalie njia. Kwa kuwa miguu haikuweza kubana ubavu wa punda, nilimfunga mapajani kwa mikanda ya mpira, mafundo imara, na nikayaonea fahari mafundo yale. Alitikiswa, asianguke. Punda alikimbizwa na mbwa, asianguke. Katika chama changu hakuna aliyewahi kuanguka.

Siku ya safari alivaa koti na shati jeupe. Tuliongozana na baba yake mdogo, mzee mpole ambaye ukoo ulimchagua awe msemaji wetu kwa sababu hajawahi kugombana na mtu. Sababu yake ni kwamba hakuwa akisema. Njiani tulipokea mwangaluka nyingi, salamu yetu ya asubuhi, na kuzijibu. Wachunga ng'ombe walisimama kwenye fimbo zao wakatutazama.

"Punda huyo anauzwa pamoja na mtu wake?" mmoja aliuliza.

"Mtu tu," fundi alijibu toka juu. "Punda ana kazi zake."

Walicheka wakatusindikiza kipande. Nilimtazama amekaa vile, jua usoni, kichwa chake kimewapita watu wote kwa mara ya kwanza maishani mwake, nikajiambia haya ndiyo matunda ya chama. Nilikuwa na machozi. Nilisingizia vumbi.

Karibu na mji wa wakwe njia iliingia katikati ya nyua mbili za minyaa, nyembamba, mtu na mtu hupishana kwa bega. Mbele yetu akatokea mama mmoja na mtungi wa maji kichwani. Baba mdogo, kwa mara ya kwanza siku ile, alisema neno.

"Mama mkwe."

Kwetu hili si jambo dogo. Mkwe hakutani uso kwa uso na mama mzazi wa mke wake. Akimwona kwa mbali huacha njia, huingia porini au huchuchumaa pembeni na kugeuza uso, mpaka mama apite. Hata uwe tajiri wa ng'ombe, utachuchumaa. Na mchumba hufanya hivyo kabla hata hajakubaliwa, ili aonekane ana adabu.

"Nishushe," fundi alisema.

Nikaanza kufungua mafundo. Ndipo nilipotambua kwamba kwenye uwanja wa kanisa tulijifunza kila kitu ila kushuka kwa haraka. Mafundo yalikuwa imara, kama nilivyojisifu, na jasho la safari lilikuwa limeyakaza zaidi.

"Mgeuze punda basi."

Nikamvuta. Lakini huyu alikuwa punda wa maji. Maisha yake yote, akiona mwanamke na mtungi, kazi yake ilikuwa kumwendea na kusimama ubavu wake ili apakiwe. Hakuna kitu katika mafunzo yangu kilichomwambia leo si siku ya maji. Alikwenda. Mimi nilining'inia kwenye hatamu, fundi amejifunika uso kwa koti, wima kabisa kama nilivyomfundisha, na punda akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe na kumgeuzia ubavu.

Mama yule alitua mtungi chini akapenya ua wa minyaa kama mtoto wa mbuzi. Tulisikia mtama ukivunjika upande wa pili. Punda aliinama anywe, akaukanyaga mtungi, ukapasuka.

Tulifika kwa wakwe na punda mwenye miguu iliyolowa. Habari ilikuwa imetangulia. Mafundo yakakatwa kwa kisu, fundi akakalishwa kwenye kigoda, shikamoo zikatolewa na marahaba zikatoka kwa shida. Baba wa binti alitupa maziwa, maana ni mgeni gani asiyepewa maziwa, kisha akamgeukia msemaji wetu. Msemaji wetu akatazama maziwa.

"Nilisema aje nimwone," mzee alianza. "Nimemwona. Amekuja mwenyewe, sikatai. Lakini mke wangu ametolewa njiani. Mama mzima amelala kwenye mtama kama kanga. Sisi hatumjui mtu wa namna hii. Kunyweni maziwa, mrudi salama."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono yake, ile iliyozoea tairi, ilikuwa imekaa magotini bila kazi. Nilidhani ataniangalia mimi, na nilistahili. Hakuniangalia.

"Baba," alisema, "naomba kuuliza."

"Uliza."

"Mama alimkimbia nani?"

"Alikukimbia wewe."

"Mimi ni nani hapa?"

Mzee alimtazama punda.

"Akipita mgeni njiani, muuza chumvi, au karani wa pamba, mama humkimbia?"

"Kwa nini amkimbie? Humsalimia."

"Ndiyo, baba. Nami ningekuwa mgeni, angenisalimia. Mimi nilikuwa tayari kuitika."

Palikuwa na wazee wengine wawili pale. Mmoja alikohoa kwenye kata ya maziwa. Mzee mwenye mji alikuna kidevu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba, haikumwendea fundi, maana haiwezi, ilimwendea mume.

"Mwambieni huyo mwenye punda aache uhakimu. Mtungi wangu umevunjika. Na nimeaibika mbele ya watoto wanaochunga. Nataka mtungi, na nataka mbuzi wa aibu."

"Mbuzi wa aibu," mzee alisema polepole, "hudaiwa mkwe."

"Unadhani sijui anadaiwa nani?"

Huko nyuma mtu mwingine alicheka, sauti changa, ikazibwa haraka kwa mkono. Fundi aliisikia. Alikaa wima.

Mzee alinywa maziwa yake yote bila kupumzika, kisha akampa mwenzake ile kata.

"Awe jike," alisema.

Miguu ya fundi haikunyooka. Niliendelea kuipima kwa muda, kwa ajili ya heshima ya chama, kisha nikaacha. Tulirudi kule na mbuzi jike mweupe na mtungi mpya, punda akiwa na mikanda ya kufunguka kwa mvuto mmoja. Mimi, mwenyekiti na mwanzilishi, nilipewa cheo kipya, kutangulia mbele na kupiga kelele ili njia isafishwe. Kwenye zile nyua za minyaa nilisimama na mbuzi wangu.

"Mkwe anapita," nilipaza sauti.

"Asubiri," sauti ya mama mkwe ilijibu kutoka upande wa kisima. "Sijamaliza kuchota."

Niligeuka. Fundi alikuwa juu ya punda, jua kali kichwani, anatabasamu mpaka masikioni.

"Umesikia alichosema?" niliuliza.

"Nimesikia. Mwambie nasubiri."

"Anasubiri," nikapaza sauti.

"Na asubiri vizuri," sauti ikasema.