Vituo vya Chini ya Udongo wa Kasongo

Mujukuu wangu iko Ulaya, mu muji wenye gari la moshi linalopita chini ya udongo. Kila Jumapili anashuka kituo kingine, anaangalia picha za kale kwenye kuta, kisha ananipigia telefoni: Bibi, hapa juu palikuwa soko la farasi. Bibi, hapa watu walijificha wakati wa vita. Mimi nilisoma miaka miwili tu, lakini muji ule naujua kituo kwa kituo.

Siku moja akacheka: «Huku historia yao wameitunza chini. Kwetu Kasongo iko nini? Vumbi tu.»

«Weye muke mwenzangu,» nikamujibu, maana bibi na mujukuu hutaniana hivyo, «yetu pia iko chini. Sema hatukuiwekea taa.»

Nilikuwa nawaza makaburi ya zamani, nyuma ya mutaa wetu. Sisi Waislamu hatukuzoea simenti juu ya maiti. Jiwe kwa kichwa, jiwe kwa miguu, uso kibla, basi. Majani yakiota, mugeni anaona kiwanja kitupu.

Hilo njo kosa alilofanya mufanyabiashara mumoja aliyetoka Salamabila na zahabu yake. Alikuja na papye, hati ya kusema kiwanja ni chake, na watu wawili wa kuchimba musingi wa depo ya kuwekea mali. Nilipofika na fimbo yangu, kamba za kupimia musingi zilikuwa zimeshavutwa.

«Mama, hapa hakuna kaburi. Musalaba iko wapi? Simenti iko wapi?»

«Baba, umetafuta samaki juu ya muti, sasa unasema mutoni hakuna samaki.»

Wachimbaji wakacheka. Yeye hapana. «Kama wako, wataje.»

Alidhani nitashindwa. Lakini kila mwaka, mbele ya Ramazani, mama yangu alikuwa ananileta kung'oa majani, na hukugusa jani kabla hujamusalimia mwenye kaburi kwa jina lake.

«Kituo cha kwanza,» nikasema. Nikataja jina, na la baba yake: alishona kanzu za muji muzima. Hatua tatu, kituo cha pili: mukunga aliyenipokea mimi duniani. Hatua mbili: mapacha waliokufa na surua, kaburi moja. Majina siyaandiki hapa. Ni ya kutamkwa kwa mudomo.

Kituo cha kumi na moja kilikuwa ndani ya kamba. Nikamutaja mwanamuke aliyekuja kwa miguu toka Wamaza, akaolewa hapa, akauza chumvi. Muchimbaji mumoja, mutu mwenye mvi, akasimama.

«Bibi, rudia.»

Nikarudia.

«Huyo njo aliyemuzaa mama yangu. Tuliambiwa alizikwa Kasongo, hatukujua wapi.»

Akaweka jembe chini. Akatoka kinyumenyume, pole pole, kama mutu anayetoka chumba cha wakubwa. Mwenzake akamufuata.

«Nitarudi na watu wengine!» akasema mwenye papye.

«Rudi. Nimetaja vituo kumi na moja tu. Ulete na kiti, utachoka.»

Mupaka leo hajarudi. Kamba zake nilizifungua mwenyewe, naanikia nguo.

Sasa Jumapili ni mimi ninayemutembeza mujukuu. Yeye iko ndani ya gari lake, anataja wafu wetu, mumoja mumoja. Akiruka mumoja, namurudisha kwa mushoni wa kanzu. Gari likiingia chini sana, sauti kwa telefoni inapotea. Likitokea tena, namusikia bado anaendelea.