Sumie na kalamu zinazolala kwenye droo

Saa nne na nusu asubuhi mvua inanyesha hapa Kanazawa, Japani, kama kawaida yake, na Sumie Kitabata anafuta kaunta ambayo tayari inang'aa. Mbele yake amesimama mwanamke mwenye mwavuli unaochuruzika, macho yameganda kwenye kalamu ya wino yenye ncha ya dhahabu.

"Ijaribu," Sumie anamwambia.

Anaichovya ncha kwenye wino wa buluu, anaifuta kidogo na kumsogezea karatasi. Mteja anabana pumzi na kuandika ile herufi moja yenye maana ya "milele", ambayo sote hapa tulifundishwa kujaribia kalamu. Inatoka safi kama ya kwenye kitabu cha shule.

"Nzuri sana," anasema, akiinamisha kichwa. "Nitaichukua."

Muuzaji mwingine angekwishatoa karatasi ya kufungia. Sumie anairudisha kalamu kwenye kisanduku chake.

"Dada, hiyo ni herufi ya kumfurahisha mwalimu. Mimi nataka kuona unavyoandika ukiwa na njaa."

Sumie, mwenye umri wa miaka 57, ameuza kalamu katika duka hili la vifaa vya kuandikia kwa miaka ishirini na miwili. Analipwa yeni 1,150 kwa saa, na meneja wake, Bwana Togashi, hafichi kwamba angependa kalamu za dhahabu zitoke kwa wingi. Lakini Sumie ana vita vyake mwenyewe. Anapigana na haya zetu.

Muuzaji akishachovya ncha kwa ajili yako, unajiona umemchafulia kalamu mpya. Kumwambia huipendi ni kama kutema chai ya mwenyeji mbele yake. Basi unanunua, unashukuru mara tatu, na kalamu inakwenda kulala kwenye droo. Kwangu zimelala mbili.

"Kuna mwalimu aliniletea kalamu niisafishe," ananisimulia Sumie. "Aliinunua hapa miaka tisa kabla. Wino uliokauka kwenye ncha ulikuwa wa kaunta yangu, wa siku ile ya kujaribu. Hakuwahi kutia wake hata tone! Na aliniambia ni nzuri sana. Nililia chooni siku hiyo. Usiandike hilo."

Anafuta kaunta tena. "Hapana, andika tu."

Mteja wa leo anaitwa Asako Nakade. Ni mwaka wake wa tatu katika karakana ya vitamutamu vya kunywea chai, na kesho anatakiwa kumpelekea fundi mkuu michoro mitatu ya vitamutamu vya msimu wa majani kupukutika, kila mmoja na jina lake pembeni, ukiwa umepakwa rangi za maji. Mara mbili amepeleka michoro ya penseli ikarudishwa. Fundi alisema mistari yake inaomba radhi. Ikirudi mara ya tatu, kazi ya kuchora itapewa mwingine, na Asako atabaki kuchemsha maharage ya sukari yanayojazwa ndani ya vitamutamu.

"Wenzangu waliniambia dhahabu ndiyo kalamu ya wachoraji," anasema kwa sauti ndogo.

"Kwani wenzako ndio watakaoishika?"

Sumie anamvutia kiti na kumwambia achore jani, kisha aandike jina la kitamutamu chake. Asako anakandamiza. Ncha ya dhahabu inapanuka, mstari unavimba, na herufi za jina zinazibwa na wino.

"Umeona? Dhahabu hii ni laini, na mkono wako umezoea kukanda. Utaipanua mpaka ikufie."

Kalamu ya pili ni ya chuma, yenye ncha nyembamba sana. Jina linasomeka vizuri, ila jani linakuwa kama limechorwa kwa sindano.

"Inakwaruza?"

"Hapana, mama, ni nzuri tu."

"Nzuri tu ndiyo nini?"

Togashi anapita na sanduku la bahasha, jicho kwenye ile ya dhahabu. "Mama Kitabata, kizuri chajiuza."

"Basi kiache kijiuze, bosi. Sisi huku tuna kazi."

Asako anacheka, mkono mdomoni. Mabega yake yanashuka. Sumie anampa ya tatu, ya chuma pia, yenye ncha ya wastani, kifuniko kikiwa kimechomekwa mkiani. Asako anachora jani, anaanza kusema "Nzu...", kisha anajikatiza. Uso unamwiva.

"Hapana," anasema. "Siipendi. Ni nzito nyuma, inanivuta mkono."

"Haya! Sasa tunaongea!"

Sumie anachomoa kifuniko na kukiweka kando. Kalamu inatulia mkononi. Kisha anamwonyesha kuigeuza: tumbo la ncha linachora mstari mnene wa jani, mgongo wake unaandika jina kwa mstari mwembamba. Bei yake haifiki robo ya ile ya dhahabu. Anamchagulia pia wino mweusi usiotawanyika ukipakwa rangi ya maji, na kumpa onyo.

"Wino huu ukiuacha wiki nzima bila kuandika, unaganda na kuiziba. Hii hairuhusiwi kulala, umenisikia?"

Alhamisi iliyofuata Asako alirudi dukani. Sumie hakusubiri hata salamu.

"Amesemaje?"

"Miwili ameikataa."

"Na wa tatu?"

"Aliutazama sana. Halafu akaniuliza ndani nitajaza maharage mekundu au meupe."

Sumie alipiga makofi hadi wateja wakageuka. Fundi haulizi cha kujaza ndani ya kitu asichokitaka.

Sasa Sumie anataka meza dirishani, mahali mtu aketi achore na kuandika apendavyo, achovye ncha mwenyewe, na akiondoka mikono mitupu asimwombe mtu msamaha. Ameshamwomba Togashi. Togashi amejibu kwamba atafikiria, na huku kwetu kila mtu anajua kwamba jibu hilo ni hapana ya adabu.

"Jumatatu nitamuuliza tena," anasema Sumie, akizipanga kalamu. "Kama yule binti aliweza kuniambia hapana usoni, bosi naye aniambie. La sivyo, alete meza."